Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuishi Gwynedd, Wales

Naishi upande wa Bethesda, juu kidogo ya Bangor, huu mwaka wa saba. Kila mwezi napata voisi na meseji za watu waliopata kazi hospitali, waliopata chuo, wengine wameolewa huku, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, yale ya mwanzo kwanza halafu yale magumu. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Mambo ya mwanzo

Gwynedd iko wapi hasa, na inatamkwaje?

Kaskazini magharibi ya Wales. Mbele bahari, mgongoni milima ya Eryri, na katikati vimiji vidogo vidogo. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 2,500 na sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 117,000, yaani wachache kuliko Tanga mjini peke yake, halafu wametawanyika. Bangor ndio yenye chuo kikuu na hospitali kubwa, Caernarfon ndio makao ya halmashauri, halafu kuna Bethesda, Llanberis, Porthmadog, Pwllheli, Blaenau Ffestiniog, Bala, Dolgellau, Tywyn. Kuna rasi inaitwa Llŷn imechomoza baharini kama mkono.

Mimi mtu wa Muheza, kwa hiyo naielezea hivi: chukua milima ya Usambara, ing'oe misitu karibu yote, ijaze kondoo na mawe, halafu isogeze mpaka miguu yake iguse maji ya bahari.

Kutamka ni Gwinedh, ile dh ya dhahabu, na mkazo unaweka Gwi. Usiseme Gwined.

Kwa hiyo ni England? Nikiwaita Waingereza kuna shida?

Shida ipo. Sisi kwenye Kiswahili tunasema Uingereza tukimaanisha nchi yote ya mfalme, na kwenye mambo ya viza na pasipoti ni sawa kabisa. Ila England ni jirani yao, Wales ni nchi yao, na wao wenyewe wanaiita Cymru. Ukimwita mzee wa Caernarfon Mwingereza hatakugombeza lakini uso utabadilika. Lile kasri kubwa la Caernarfon watalii wanalopiga picha lilianza kujengwa 1283 na mfalme Edward wa Kwanza wa England baada ya kuwashinda, lengo lilikuwa kuwakalia shingoni, na watu hawajasahau.

Hii inakuhusu hata kwenye maisha ya kila siku, maana Wales ina bunge lake Cardiff tangu 1999 na afya, elimu na nyumba wanajiamulia wenyewe. Ndio maana ushauri wa shangazi yako aliyeko London mara nyingi hauendani na huku.

Baridi ikoje? Nije na nguo gani?

Baridi yenyewe siyo ya kutisha. Pwani wakati wa baridi kali unacheza kwenye nyuzi 3 mpaka 9 hivi, na theluji ikianguka chini haikai sana, inakaa milimani. Kinachokushika ni mvua pamoja na upepo. Kuna ukingo wa mlima unaitwa Crib Goch, unapokea zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza. Ukishuka pwani inapungua sana, unaweza kukuta Bethesda inanyesha na Llŷn kuna jua siku hiyo hiyo.

Mwavuli acha. Upepo unaugeuza ndani nje siku ya kwanza. Nunua koti la mvua lenye kofia linalozuia maji kweli kweli, viatu vya kuzuia maji, soksi za sufu, na usinunue nyumbani, nunua ukifika maana maduka ya wapanda milima yamejaa huku na mitumba mizuri ipo kwenye maduka ya hisani.

Na giza? Nimesikia jua linazama mchana.

Desemba jua linatoka karibu saa mbili na nusu asubuhi na linazama saa kumi jioni. Ukiwa zamu ya mchana hospitali unaingia giza unatoka giza, wiki nzima hujaliona jua. Juni ni kinyume, saa tatu na nusu usiku bado kweupe na watoto hawataki kulala, tafuta pazia zito.

Lichukulieni kwa uzito hili jamani, hasa mnaokuja peke yenu. Mimi Januari ya kwanza nilidhani naumwa. Sikuwa na homa, sikuwa na chochote, ila nilikuwa nalia nikifunga kamba za viatu. Daktari alinipima akaniambia ninywe vitamini D na nitoke nje kila saa sita mchana hata kama kuna mawingu, hata dakika ishirini. Ilinisaidia sana tu, na mpaka leo nafanya hivyo.

## Lugha

Kiingereza hakitoshi?

Kuishi kinatosha. Hakuna mtu atakayekunyima huduma kwa sababu hujui Kiwelsh. Ila Gwynedd siyo kama sehemu nyingine za Wales, hapa kwenye sensa ya 2021 watu 64 kati ya 100 walisema wanaongea Kiwelsh, hakuna halmashauri nyingine iliyofikia hapo. Ndio lugha ya dukani, ya uwanja wa mpira, ya mazishi. Ofisi za halmashauri zinaendesha kazi zao za ndani kwa Kiwelsh. Ukiingia chumba cha kupumzikia kazini wenzako wanaongea Kiwelsh, wakikuona wanageuza kwenda Kiingereza kwa heshima, na hapo ndipo unagundua kwamba kila ukiingia unawahamisha watu kutoka lugha ya mama zao. Mimi hilo liliniuma, nikaanza kujifunza.

Kama kuna kitu kimoja tu utabeba kwenye ukurasa huu wote beba hiki, anza Kiwelsh mapema, hata maneno kumi. Mengine yote, nyumba, kazi, mtu wa kukuchukulia mtoto shule ukichelewa, yanafunguka kupitia hapo.

Ni kigumu? Naona maneno hayana irabu.

Irabu zipo, w inasomwa u na y ni irabu pia. Ukishajua hivyo, kile kinachoonekana kama ajali ya herufi kinasomeka.

Na hapa Mswahili una bahati ambayo Waingereza hawana, sisemi kwa kukutia moyo tu, ni kweli kabisa. Mdomo wako tayari unazo sauti zao. Dd yao ni dh ya dhahabu. Th yao ni th ya thamani. Ch yao ni ile kh ya kheri, Waingereza wanaisema k. Ng yao mwanzoni mwa neno ni jamaa wa ng' ya ng'ombe, ambayo wanafunzi wenzangu Waingereza darasani walikuwa wanakaa nayo wiki nzima na haitoki. F ni v, ff ndio f. Mkazo mara nyingi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Sifa inakuja baada ya jina, tŷ ni nyumba, mawr ni kubwa, tŷ mawr nyumba kubwa, hugeuzi kichwa. Sauti mpya kubwa kwako ni ll, weka ulimi kama unataka kusema l halafu usitoe sauti, puliza hewa ipite pembeni ya ulimi.

Wanachokilalamikia wote ni kwamba mwanzo wa neno unabadilika. Bangor ni Bangor, lakini kwenda Bangor ni i Fangor, na ndani ya Bangor ni ym Mangor. Caernarfon inakuwa i Gaernarfon, halafu yng Nghaernarfon. Mwalimu wangu alipoandika hivyo ubaoni darasa zima liliguna, mimi nikawaza mbona ni mambo ya kwetu haya, ulimi unakuwa ndimi, mti mrefu lakini nyumba ndefu. Sheria zake ni tofauti na utakosea sana, lakini wazo kwamba kichwa cha neno kinacheza kulingana na kinachokaa nalo, wewe umenyonya nalo.

Nianze na maneno gani?

Bore da ni habari za asubuhi, nos da usiku mwema, diolch asante, plîs tafadhali, sut dach chi ni hujambo kwa mtu wa kumheshimu, iawn ni sawa, poa, yote hayo kwa pamoja. Panad ni kikombe cha chai na ukisikia panad? kwa sauti ya kupanda maana yake unakaribishwa, usikatae kwa haraka. Bibi ni Nain na babu ni Taid. Barabarani utaona ARAF imeandikwa kwenye lami, ndio pole pole.

Najifunzia wapi?

Kuna madarasa ya jioni na ya mtandaoni ya watu wazima, upande huu yanasimamiwa kupitia Chuo Kikuu cha Bangor. Wengi wanaanza na Duolingo, inafaa kwa maneno ila lugha yake siyo sawasawa na wanavyoongea kaskazini. Kuna pia Nant Gwrtheyrn kule Llŷn, kijiji cha wachimba mawe kilichohamwa kikabaki magofu, wakakifufua kuwa kituo cha lugha, unakaa siku kadhaa bondeni na bahari mbele yako unaongea Kiwelsh tu. Muulize mwajiri wako, kazi nyingi za umma zinalipia masomo na zinakupa muda.

Watoto wangu hawajui hata neno, shule watawafanyaje?

Shule za msingi za Gwynedd zinafundisha kwa Kiwelsh. Wazazi wengi wanaogopa hapa na mimi niliogopa, mwanangu alikuwa na miaka minane na Kiingereza chenyewe bado alikuwa anachechemea. Halmashauri ina vituo vya kuwazamisha wageni kwenye lugha, mtoto anatolewa shuleni kwake kwa kipindi anakaa darasa dogo, anafundishwa kwa nyimbo na michezo, halafu anarudi. Wangu baada ya mwaka alikuwa ananisahihisha mimi. Sasa ana lugha tatu na ya nne, Kisambaa, anaidokoa kwa bibi yake kwenye simu.

Usiache Kiswahili nyumbani. Huku ndio mahali pa mwisho ambapo mwalimu atakwambia lugha mbili zinamchanganya mtoto, kila mtu hapa amekulia kwenye mbili.

Chakula cha mchana shule za msingi Wales ni bure kwa watoto wote.

## Nyumba na gharama

Kwa nini nyumba za kupanga hazipatikani?

Kwa sababu ni mahali pazuri na wenye hela wa mbali wanataka nyumba ya likizo. Nenda Abersoch Januari saa moja jioni uone taa ngapi zinawaka. Halmashauri imepandisha kodi, tangu Aprili 2023 mwenye nyumba ya pili analipa nyongeza ya asilimia 150 juu ya ile kodi ya kawaida, lakini mishahara ya huku haiwezi kushindana na akiba ya mtu wa mji mkubwa. Vijana wa hapa wenyewe wanahama kwa kukosa pa kukaa, kwa hiyo ukichelewa kupata nyumba usiwaze kwamba umeonewa, mpo wengi kwenye foleni.

Bangor ndio kuna vyumba vingi kwa sababu ya wanafunzi. Bethesda na Blaenau Ffestiniog huwa nafuu. Nyumba nyingi nzuri hazitangazwi kabisa, zinapita mdomoni, mimi yangu niliipata kwa mama mmoja wa kwaya. Rudi kwenye swali la lugha.

Haki zangu za mpangaji ni zipi?

Wales ina sheria yake iliyoanza kazi 1 Desemba 2022. Mwenye nyumba lazima asajiliwe Rent Smart Wales na wewe unaweza kuangalia jina lake kwenye daftari lao mtandaoni kabla hujatoa hata senti. Lazima akupe mkataba wa maandishi ndani ya siku 14, aweke vitambua moshi, na amana yako ikae kwenye mfuko unaolindwa. Kwa mikataba ya tangu siku hiyo, akitaka utoke bila wewe kuwa na kosa anatakiwa akupe notisi ya miezi sita.

Mtu akikutumia picha za nyumba nzuri ya bei rahisi na anataka amana kabla hujaingia mlangoni, ni mwizi.

Unyevu na ukungu ukutani nafanyaje?

Nyumba za zamani ni za mawe, kuta nene, hazina nafasi katikati, na hewa yenyewe ina maji. Ukianika nguo ndani na kufunga madirisha kama tulivyozoea kukimbia baridi, baada ya mwezi unaona madoa meusi nyuma ya kabati. Chumba changu cha kwanza kilikuwa hivyo na mwenye nyumba alisema ni makosa yangu ya kupika, kumbe bomba la paa lilikuwa limepasuka na maji yanashuka ndani ya ukuta. Kwa hiyo angalia nje kwanza, paa na mifereji, piga picha, andika kwa barua pepe siyo kwa mdomo. Sheria inasema nyumba lazima ifae kuishi mtu.

Upande wako fungua dirisha asubuhi dakika kumi, sogeza makabati mbali na ukuta, na nunua mashine ya kuvuta unyevu. Usiku wa kwanza ilinijazia karibu lita mbili za maji kutoka chumba kimoja, nikaamini.

Joto linatoka wapi kama hakuna bomba la gesi?

Vijijini wengi wana tangi la mafuta nje. Muuzaji analeta kwa lori na kwa kawaida haanzi chini ya lita 500, kwa hiyo ni hela nyingi kwa mkupuo. Kuna vijiji watu wanaagiza pamoja ili bei ishuke, ulizia. Agiza kabla ya Novemba. Umeme nao ukipigwa na dhoruba unakatika, Desemba 2024 dhoruba Darragh iliacha watu wengi gizani kwa siku kadhaa, weka tochi, mishumaa na jiko dogo la gesi, na namba ya kuripoti ni 105.

Mbona takataka hawachukui?

Pipa la kawaida linachukuliwa kila wiki tatu. Chakula na vya kurejeleza kila wiki. Tenganisha, osha makopo, na pampasi omba huduma yake maalumu.

Naweza kununua nyumba?

Ukiwa na viza ya muda benki zinakuwa ngumu ila siyo haramu. Ninachotaka ujue ni kuhusu Fairbourne, kijiji cha pwani upande wa pili wa maji kutoka Barmouth. Utaona nyumba zake bei ya chini ajabu. Kijiji kiko usawa wa bahari, na mpango wa pwani uliwahi kusema ulinzi wa kuta hautaendelezwa kupita miaka ya 2050, benki zikaogopa. Watu wanaishi pale na wanapapenda, na inaniuma kwa niaba yao kwa sababu wamewekewa tarehe kabla hawajapewa pa kwenda. Lakini wewe unayetafuta, ujue kabla hujaipenda picha.

## Kazi

Kazi gani zipo?

Hospitali na nyumba za wazee, chuo, halmashauri, shule, hoteli na mikahawa ya watalii kuanzia Pasaka mpaka Oktoba, mashamba kidogo. Viwanda vikubwa usitegemee. Ile kazi ya mawe ya kuezekea iliyolisha huku karne nzima imebaki kidogo, mandhari yake imekuwa urithi wa dunia wa UNESCO 2021.

Nimeambiwa kuna viza ya kulea wazee, nilipe hela ngapi?

Usilipe. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi kwa njia hiyo, mtu anayekuuzia leo anakuuzia hewa. Na hata wakati ilipokuwa wazi cheti cha udhamini hakikuwa bidhaa. Namjua dada aliyeuza kiwanja cha baba yake kwa ajili ya karatasi hiyo, akafika akakuta masaa ya kazi hayatoshi hata kodi ya chumba. Manesi njia yao ni nyingine, wanapitia usajili wa manesi na mitihani, na hiyo bado ipo.

Ukiwa tayari uko ndani ya nchi na una ruhusa ya kufanya kazi, mlezi Wales lazima asajiliwe Social Care Wales. Na kwa wazee wa huku lugha siyo urembo. Mzee akishikwa na ugonjwa wa kusahau mara nyingi Kiingereza ndicho kinachoondoka kwanza, anabaki na Kiwelsh cha mama yake. Nilikuwa na bibi mmoja alikataa kula siku mbili, nikamwambia kwa Kiwelsh changu kibovu dewch, Nain, panad, yaani njoo bibi, chai, akanishika mkono akanywa.

## Usafiri

Naweza kuishi bila gari?

Bangor ndiyo. Caernarfon pia. Kwingine inategemea zamu zako, maana mabasi ya jioni na Jumapili ni machache. Basi la T2 linatoka Bangor linapita Caernarfon, Porthmadog, Dolgellau mpaka Aberystwyth na ndio uti wa mgongo. Treni ya London inapita Bangor. Pwllheli nayo ina treni lakini inaelekea kusini kando ya bahari mpaka Machynlleth, haiendi Bangor kabisa, reli iliyokuwa inaunganisha huko ilifungwa miaka ya 1960. Watu wanaangalia ramani wanapanga nyumba Pwllheli kwa kazi ya Bangor wakijua treni ipo, halafu wanalia.

Leseni yangu ya Tanzania au Kenya inafaa?

Miezi 12 tangu uanze kuishi, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wa huku. Haibadilishwi moja kwa moja, wala ya Uganda. Ya Falme za Kiarabu na ya Afrika Kusini zinabadilishwa, kwa hiyo kama ulikuwa Dubai na unayo, itafute. Omba tarehe ya mtihani mapema maana foleni ni ndefu.

Hizo barabara nyembamba magari yanapishanaje?

Kuna vituo vya kupishana, yaani sehemu barabara imepanuliwa kidogo. Aliye karibu nacho ndiye anayesimama au kurudi nyuma, na wote mnanyanyua mkono, usipite bila kunyanyua mkono. Jifunze kurudi nyuma kwenye kona kabla hujaja. Kwenye makazi spidi ni maili 20 kwa saa tangu Septemba 2023, siyo 30 kama England.

## Afya, chakula na ibada

Hospitali na dawa?

Jiandikishe kituo cha afya wiki ya kwanza. Dawa za daktari Wales ni bure tangu 2007. Hospitali kubwa ni Ysbyty Gwynedd Bangor, ila ukiwa Tywyn upande wa kusini wengi wanaenda Aberystwyth kwa sababu ni karibu zaidi. Ambulansi inaweza kuchelewa kutokana na umbali, kwa hiyo mwenye pumu, mwenye mimba ya hatari au mtoto wa kifafa, fikiria hilo kabla ya kuchagua kijiji. Meno shughulikia nyumbani kabla ya safari.

Nitakula nini?

Bangor kuna maduka yenye viungo, mchele mzuri na nyama halali. Unga wa mahindi agiza mtandaoni au tumia polenta ile laini, ugali unakubali. Sukuma utaikuta kwa jina la kale. Mbuzi ni shida, lakini kondoo wa hapa, jamani, kondoo aliyekula nyasi za mlimani ukimweka pilau utasahau mbuzi.

Misikiti na makanisa?

Waislamu wana kituo chao Bangor, na Ramadhani ikiangukia kiangazi mjiandae na saumu ndefu. Bangor ina kanisa kuu la Anglikana, wakatoliki wapo, na kila kijiji kina kapela, nyingine zimefungwa. Mimi nasali kapela ya Kiwelsh. Mwanzo sikuelewa mahubiri hata kidogo, nilikwenda kwa ajili ya kuimba maana wanaimba sauti nne bila kufundishwa, kama kwetu.

## Milima na bahari

Mlima Yr Wyddfa (Snowdon) ni mita 1,085 tu, si naweza kupanda na raba?

Najua unachowaza, Lushoto mjini penyewe ni juu kuliko kilele hicho. Ila urefu siyo hoja. Chini jua, juu ukungu huoni mkono wako, upepo unakusukuma, na watu wanakufa pale kila mwaka, wengine wakiwa na jinzi na simu yenye chaji kidogo. Vaa mabuti, beba koti, ramani, tochi ya kichwani hata kama unaondoka asubuhi, na ufuate njia ya Llanberis mara ya kwanza, siyo Crib Goch. Ukikwama piga 999, omba polisi, halafu sema uokoaji mlimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea walioacha chakula mezani.

Bahari je?

Ni baridi mwaka mzima, inakata pumzi. Na watu wa pwani nawaambia kwa lugha yetu: maji ya bamvua huku yanakwenda mbali sana na yanarudi haraka, kwenye midomo ya mito yanazunguka nyuma yako yanajaza mifereji wakati wewe bado unatembea mchangani. Angalia jedwali la kujaa na kupwa. Kwa baharini 999 unaomba walinzi wa pwani.

## Maswali ya pembeni

Mtu mweusi anapokelewaje?

Tuko wachache na utatazamwa. Mara nyingi ni udadisi, mara chache ni matusi, na mimi nimeshatukanwa nje ya baa na mwanamume aliyelewa. Waliomjia juu walikuwa watu wa hapa. Ikitokea kazini andika tarehe na maneno yenyewe, ripoti.

Halafu usifikiri sisi ndio wa kwanza. Karne ya 18 karibu na Criccieth aliishi mtu mweusi anaitwa John Ystumllyn, aliletwa akiwa mtoto baada ya kunyakuliwa kwao, akakua akawa mtunza bustani, akajua Kiwelsh, akamuoa Margaret Gruffydd 1768, wakazaa. Mwaka 2021 waridi la njano likapewa jina lake. Kaburi lake lipo kanisa la Ynyscynhaearn, unapita njia ya shambani kulifikia, nilikwenda na mwanangu akanisomea maandishi ya jiwe kwa Kiwelsh. Na upande wa pili wa hadithi hiyo ni kasri la Penrhyn hapa jirani, familia yake ilitajirika kwa mashamba ya sukari ya watumwa Jamaica, hela hizo zikafungua machimbo ya Bethesda. Wachimbaji wenyewe waligoma miaka mitatu, 1900 mpaka 1903, na madirishani wakabandika karatasi za kusema hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Ni vizuri kujua unaishi juu ya nini.

Kwenye njia ya kwenda kazini kuna kondoo kalala chali miguu juu, ni kawaida?

Siyo kawaida, na nauliziwa hili kila machipuko. Kondoo mwenye mimba au mwenye manyoya mazito yaliyolowa akigeuka chali hawezi kuinuka, tumbo linajaa gesi linabana mapafu, anakufa. Kama hakuna mbwa na uzio unavukika, ingia. Nenda pole pole upande wa mgongo, shika manyoya kwa mikono miwili, begani na nyongani, mvute akuelekee mpaka akae kwa tumbo. Usimwachie hapo hapo, miguu inakuwa imekufa ganzi ataanguka tena, mshikilie ukiwa umembana na magoti dakika mbili tatu mpaka uhisi anasukuma chini mwenyewe. Akishatembea funga geti kama ulivyolikuta, halafu pita nyumba ya karibu useme.